Bahari moja, serikali mbili, sheria tatu: jinsi ya kuchunga miamba ya mpakani na jirani zako

Hii naandikia watu wa kamati, sio watu wa semina. Kama uko BMU (kamati ya wavuvi ya kusimamia ufukwe) ya Vanga, Jimbo, Majoreni au Shimoni upande wa Kenya, ama uko Jasini, Moa au Boma kule Mkinga mkoa wa Tanga, ama ni mwanakamati wa shehia (mtaa wa serikali kule Zanzibar, unaoongozwa na sheha) yoyote ya kaskazini Pemba, shida unaijua. Mnafunga mwamba, mnauchunga kwa jasho, alafu bamvua moja tu, zile siku maji yanajaa sana na kutoka sana, vyombo vya ng'ambo vinaingia asubuhi vinaondoka na kila kitu, na ukiuliza unaambiwa hawakuwa na habari. Na mara nyingi ni kweli hawakuwa na habari.

Serikali zinaliongelea hili jambo kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kuna mpango wa eneo la hifadhi la pamoja kati ya Kenya na Tanzania, kuanzia Diani-Chale kuteremka mpaka mwisho wa wilaya ya Mkinga, na nyuma yake kuna Mkataba wa Nairobi ambao ulitiwa saini 1985 ukaanza kufanya kazi 1996, nchi kumi za huku magharibi mwa Bahari ya Hindi ziko ndani. Mimi siupingi huo mpango hata kidogo, lakini ukikaa kuungoja utaota mvi. Kuna kazi ambayo kamati mbili za kijiji zinaweza kuifanya mwaka huu huu bila kungoja Nairobi na Dodoma na bila kuvunja sheria ya mtu, na hiyo ndio nataka kueleza hapa.

Kwanza jueni mnachogawana ni nini

Usianze na mstari wa mpaka. Mstari wa baharini kati ya Kenya na Tanzania ulikubaliwa kwa barua za serikali mbili mwaka 1975 na 1976, umeshaandikwa, hauwahusu nyinyi, na mkianza kikao na mstari hamtamaliza. Anza na maji.

Mto Umba unatoka milima ya Usambara, Tanzania, unakata mpaka na kuingia Kenya unamwagika baharini pale karibu na Vanga. Kwahiyo mtu akilima kando ya mto kule juu Lushoto udongo wake unakuja kutua kwenye mikoko ya Vanga, na mwanakamati wa Vanga hata apande mkoko na mchu mpaka mgongo uume hawezi kuzuia tope ambalo limeanzia nchi nyingine. Alafu baharini nako ni kutoka kule kuja huku, mkondo mkubwa wa pwani yetu unakwenda kaskazini, yaani vitoto vya samaki na vya pweza ambavyo bado vinaelea vinabebwa kutoka upande wa Tanga na Pemba kuja Kenya zaidi kuliko vinavyokwenda kule. Hii ni muhimu sana kwa wa Kenya kuielewa manake kuna watu huku kwetu Kwale wanadhani tunawafanyia wenzetu hisani, ati sisi ndio tuna hifadhi ya bahari ya Kisite na tuna mikoko ya kulipiwa hela ya kaboni. Mwamba ukiharibika Mkinga, anayeumia ni wa Shimoni pia. Miaka ile baruti za kuvulia samaki zinalia Tanga ilikuwa ni hasara yetu sote, hata kama kishindo huku kwetu hatukisikii.

Kasa naye anataga huku anakula majani kule. Kibua hana kitambulisho. Haya mnayajua, nimeyasema tu ili siku ya mkutano muwe na la kuanzia ambalo halina ugomvi.

Mjue mnaongea na nani

Hapa ndio watu wengi wanakwama. Wanasema nchi mbili, lakini kwenye uvuvi ni sheria tatu. Kenya kuna sheria ya uvuvi ya 2016 na kanuni za BMU za 2007, na BMU inafanya kazi na kaunti pamoja na maofisa wa uvuvi. Tanzania bara kuna sheria ya uvuvi ya 2003 na kanuni za 2009, na BMU kule imekaa chini ya serikali ya kijiji, na juu yake halmashauri ya wilaya na ofisa uvuvi wake. Zanzibar ni kwingine kabisa, uvuvi wa karibu na pwani sio jambo la Muungano, wana sheria yao ya 2010, wana kamati ya wavuvi ya shehia, na sheha ndio mlango wa kuingilia. Kwahiyo ukikubaliana na mtu wa Moa usidhani umekubaliana na Mpemba, na ofisa wa Tanga hana mamlaka ya kumwambia mvuvi wa Micheweni lolote akiwa kwao.

Tafuta wa kulingana naye. Kamati kwa kamati, mwenyekiti kwa mwenyekiti, katibu kwa katibu. Nimeona BMU inaandika barua moja kwa moja kwa mkuu wa mkoa wa ng'ambo, sijui walidhani itakuwaje, barua ilikaa tu. Mwenyekiti wa BMU amtafute mwenyekiti wa BMU mwenzake, alafu kila mmoja amwambie bosi wake wa juu: Kenya ofisa wa uvuvi wa kaunti, Tanzania mtendaji wa kijiji na ofisa uvuvi wa wilaya, Pemba sheha na idara ya uvuvi. Barua fupi, kwa heshima, ya kuarifu. Sio ya kuomba ruhusa ya kuongea na ndugu yako, hiyo ruhusa hakuna anayeitoa, ila wakisikia kwa watu wengine ndio watasema mna jambo mnaficha.

Pia angalieni vilivyopo tayari. Upande wa Kenya BMU za Shimoni mpaka Vanga zina mpango wa pamoja wa eneo, ule wanauita JCMA. Mkinga nako vijiji vimeunganishwa kwenye CFMA, na ile ya Boma–Mahandakini iko hapo hapo mpakani, asili yake ni mradi wa pwani wa Tanga ulioanza 1994. Msianzishe chama kipya. Kila siku tunaanzisha chama, kina mhuri, kina akaunti, kina ugomvi wa nani awe mweka hazina. Tumieni hivo vilivyopo.

Chagueni jambo moja tu

Mkikaa kikao cha kwanza kila mtu atataja lake: juya, ringneti, bunduki za samaki, wageni, bei, polisi, mikoko inakatwa usiku, majongoo wa bahari wanabebwa. Yote kweli. Ukiyaandika yote unakuwa na karatasi nzuri isiyofanya kazi.

Jambo la kuanzia liwe na sifa hizi: linaonekana kwa macho, linaleta pesa ndani ya msimu mmoja, na halihitaji mtu yeyote kuvuka mpaka ili litekelezwe. Kwa maoni yangu ni pweza, sijaona la kumshinda. Juya na bunduki zimepigwa marufuku pande zote tayari, hizo ni kazi ya serikali na zina ugomvi wa zamani, ukianza nazo unaanza na maadui. Pweza hana adui. Anaishi mwaka mmoja na kitu basi, akiwa mdogo anaweza kuongeza uzito mara mbili ndani ya mwezi, hahami mbali na shimo lake. Kwahiyo mkimwacha miezi mitatu mnaona tofauti kwenye mizani nyinyi wenyewe, hamngoji ripoti ya mtu. Hii biashara ya kufunga mwamba wa pweza ilivuma kutoka Andavadoaka kule Madagascar mwaka 2004, ikafika Pemba, Kisiwa Panza na kwingineko, ikafika na Pate kule Lamu. Sio jambo la kubuni, watu wameshalijaribu.

Sasa namna ya kufanya kwa pande mbili, hapa nitakaa kidogo manake ndio kazi yenyewe.

Kila upande ufunge mwamba mmoja ulioko kwenye maji yake. Mmoja. Usifunge wote, akina mama wanaoshuka na mchokoo, ile fimbo ya kuchokolea pweza, maji yakitoka wanategemea hiyo miamba kwa chakula cha jioni, ukifunga yote wataingia usiku na hutakuwa na la kuwaambia. Na hao akina mama ndio wa kuulizwa mwamba gani, sio nahodha. Nahodha anajua kilindi, mwamba wa kutembea kwa mguu haujui. Waulize mashimo yako wapi, upande upi una majike yanayolalia mayai, wapi wanaweza kukosa kwa miezi mitatu bila kulala njaa. Mkichagua mwamba bila wao mmeshashindwa hata kabla ya kuweka boya.

Tarehe ndio moyo wa makubaliano. Ikiwa Jimbo inafungua wiki mbili kabla ya Moa basi wachuuzi wote na wazamiaji wote watakuwa Jimbo, alafu wiki mbili baadaye wote wako Moa, na mwamba wa kila upande unavuliwa na watu wa pande mbili kwa mpigo. Fungeni siku moja, fungueni siku moja. Bahati nzuri bamvua ni lile lile kwetu sote, mwezi ukiandama na mwezi mpevu, na maji ya bamvua yanatoka kabisa mida ya saa nne asubuhi huku na kule, kwahiyo hata saa hamuwezi kugombania.

Mimi ningefunga upepo wa kusi ukiwa umekaza, Julai hivi, manake bahari ni chafu na hasara ya kutoingia ni ndogo, nikafungua bamvua la mwisho wa Septemba au la Oktoba kabla kaskazi haijaanza na kabla watu wa dago (wavuvi wanaohamia kambi za mbali kwa msimu) hawajawa wengi. Lakini angalieni kalenda za nyumbani. Shule Kenya zinafunguliwa Januari, mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, na mwisho wa Agosti, Tanzania ni Januari na Julai. Mzazi wa Moa anatafuta pesa mwezi wa sita na wa saba, mzazi wa Vanga anahangaika mwezi wa nane. Ukifunga bila kuangalia hilo upande mmoja utavunja makubaliano, na sio kwa ubaya, ni ada. Alafu Idd. Idd inasogea kila mwaka, ikiangukia katikati ya kufunga jadilini mapema, afadhali mfupishe kufunga kwa wiki mbili kwa pande zote kuliko watu waibe siku tatu kabla ya sikukuu.

Alama: madumu ya mafuta ya lita ishirini, yapakwe rangi moja pande zote, kamba nzito na jiwe la kutosha. Kamba ya ziada kwa ajili ya maji kujaa, sio mnafunga maji yametoka alafu yakijaa dumu linazama. Dumu jeupe tupu bila rangi mtu ataliiba, lina kazi nyumbani.

Mizani na daftari muwe navyo kabla ya siku ya kufunga. Bamvua la mwisho kabla ya kufunga pimeni pweza wanaotoka kwenye huo mwamba: idadi, kilo, na aliyevua ni wa mguu au mzamiaji. Bila hiyo namba ya kwanza, siku ya kufungua mtakuwa mnabishana tu. Daftari liwe na mistari sawa pande mbili, mwalimu wa shule yoyote anaweza kuwachorea. Pweza wa chini ya gramu 500 arudishwe au asinunuliwe, kanuni za Tanzania bara zinasema hivo na hakuna kinachowazuia watu wa Kenya kulikubali kwenye sheria ndogo za BMU yao.

Tajiri aingie kikaoni

Nani ananunua pweza? Mara nyingi ni mtu yule yule au watu wake, pande zote mbili, pikipiki moja inazunguka madiko. Akiamua kununua pweza wa robo kilo mwezi wa kufunga, kazi yenu imekwisha. Kwahiyo aitwe, aketi, aseme bei ya siku ya kufungua mbele ya watu, na iandikwe kwa shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania. Na mama karanga, wale wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, pia waitwe, wao ndio wanajua soko la kijijini. Nikuambie ukweli, tajiri akikubali nusu ya doria haihitajiki.

Watu wa dago

Hili ni nyeti na watu wanalikwepa. Kaskazi ikiingia, bahari ikitulia, Wapemba wanakuja dago Kenya, wamekuja tangu enzi za babu zetu, wengine wameoa hapa, wengine wamezaliwa hapa, na mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba wa hapa kama moja ya jamii zake. Ukiwaweka wote kwenye kapu la wageni wanaomaliza samaki utakosea watu na utakosa msaada wao. Hawa ndio wanaojua miamba ya pande zote tatu kuliko ofisa yeyote.

Cha kufanya ni utaratibu wa barua. Mvuvi anayekwenda dago aondoke na barua ya kamati ya kwao, ya shehia au ya kijiji, yenye jina lake, jina la chombo, mtego anaotumia na muda atakaokaa. Akifika ajiandikishe kwa BMU ya mwenyeji wake kabla ya kushusha nyavu, na mwenyeji aliyempokea asaini kwamba amemuonyesha mwamba uliofungwa. Barua hii sio leseni na sio pasi, vibali vya serikali viko pale pale, leseni ya Kwale haikuvushi kwenda kuvua Mkinga na ya Mkinga haikuleti huku. Lakini inafanya kitu kimoja kikubwa, akikosea mnajua mzungumze na nani kwao. Mvuvi anaogopa kamati ya kwao kuliko faini ya ugenini, manake nyumbani atarudi.

Mkutano wa kwanza

Msivuke kwa boti. Najua Vanga na Jasini mnaonana, najua ni karibu, lakini kikao cha watu kumi kuvuka kwa boti bila kupita uhamiaji kinaweza kuishia mahabusu na hapo ndio mwisho wa ushirikiano. Piteni Lungalunga na Horohoro, mkiwa na paspoti au hati ya muda, na kila mtu aulize ofisi ya uhamiaji mapema anahitaji nini. Waarifuni polisi na walinzi wa pwani, Kenya ni Coast Guard, ilioanzishwa 2018, na kama watu wa Pemba wanakuja basi KMKM, kikosi cha majini cha Zanzibar cha kuzuia magendo, wajue.

Waje watu saba saba, sio arobaini. Mwenyekiti, katibu, mwanamke mchokoa pweza na sio mke wa mwenyekiti tafadhali, nahodha, kijana mzamiaji, mzee mmoja anayeheshimika pande zote, na tajiri. Maofisa waalikwe lakini wasikae meza ya mbele. Nauli ilipwe, chakula kipikwe, posho hapana. Nasema hivi nikijua nitachukiwa, lakini kikao kilichoanza na posho hakifanyiki tena mradi ukiisha, na tunavyo vingi vya namna hiyo pwani hii. Wali, samaki, kahawa, yatosha.

Na ajenda ya kwanza isiwe pweza. Iwe uokoaji. Nani apigiwe simu injini ikizima upepo ukasukuma chombo ng'ambo. Kila kijiji hapa kina kisa cha chombo kilichopotea na watu wakapatikana nchi nyingine, wengine wakashukiwa wahalifu kabla hawajapewa hata maji. Mkikubaliana hilo tu, namba tatu za simu kila upande na mtu wa kwenda kituo cha polisi kuwadhamini, mmeshajenga imani ambayo semina kumi hazijengi. Ndio sasa pweza.

Karatasi

Ukurasa mmoja, Kiswahili, hakuna haja ya wakili kuandika ila mpeleke asome. Maneno yake yawe kama haya, badilisheni mnavyotaka:

"Sisi kamati za uvuvi za … na … tumekubaliana kwamba kila upande utafunga mwamba mmoja ulioko kwenye maji yake, mtu yeyote asiingie kuchokoa pweza, kuanzia tarehe … mpaka tarehe …. Miamba mingine iko wazi. Miamba itafunguliwa siku moja na saa moja. Pweza wa chini ya gramu 500 hachukuliwi wala hanunuliwi. Atakayekamatwa atashughulikiwa na upande alikokamatwa kwa sheria ndogo za upande huo, na kamati ya kwao itaarifiwa siku hiyo hiyo. Karatasi hii haigusi mpaka wa nchi, haimpi mtu ruhusa ya kuvua ng'ambo, na haizuii kazi ya serikali yoyote."

Hilo sentensi la mwisho msiliondoe. Ndilo linalomfanya ofisa asaini kuwa ameona bila kuogopa kazi yake. Lakini karatasi hii peke yake haina meno, meno yako kwenye sheria za kila upande. Kenya mwamba uingizwe kwenye sheria ndogo za BMU na mpango wa usimamizi. Tanzania uende mkutano mkuu wa kijiji, uwe sheria ndogo, halmashauri ipitishe. Pemba kupitia kamati ya shehia na idara. Upande mmoja utachelewa, kwa kawaida ni kule halmashauri inangoja kikao au huku kaunti ofisa amehamishwa. Anzeni na msimu mmoja wa hiari wakati makaratasi yanazunguka.

Kwenye faini msijaribu kusawazisha. Mwaka mzima unaweza kuisha mnabadilisha shilingi. Kila upande ubaki na faini yake.

Doria na simu

Doria ya pamoja ya boti moja yenye watu wa nchi mbili inapendeza kwenye picha, lakini mwacheni serikali ifanye. Nyinyi fanyeni doria za sambamba, kila mtu kwenye maji yake, siku zile zile, hasa siku nne tano za bamvua manake maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana, hakuna wa kutembea mwambani. Mnawasiliana kwa wasap.

Grupu liwe la watu wachache na liwe la kazi. Kheri ya Ijumaa, video za mawaidha, mpira, kuna magrupu mengine ya hayo. Ujumbe uwe wa namna hii: "Mwamba wetu, saa 3 na nusu, ngalawa 2, watu 5, wako ndani ya madumu, tanga la bluu, wameelekea kwenu." Mwenzako ajibu ameona au hajaona. Basi. Na marufuku kupost uso wa mtu na kumuita mwizi. Mvuvi wa mguu aliyepitiliza dumu mita kumi akiwekwa picha grupu la nchi mbili, ndugu zake wote wanatoka kwenye makubaliano siku hiyo hiyo.

Atakapokamatwa mtu wa ng'ambo, na atakamatwa, kuna mambo matatu. Vyombo vyake visikatwe wala kuchomwa na kamati, vikabidhiwe kwa ofisa na viandikwe kwenye daftari. Kamati ya kwao ipigiwe simu kabla ya jua kuzama. Na anayempokea ofisini awe mtu mmoja anayejulikana, sio kila mgambo. Ugomvi mwingi wa huku mpakani haukuanza na samaki, ulianza na nyavu ya mtu iliyokamatwa ikapotea, na mwenye nyavu mpaka leo anajua nani anaitumia.

Huko juu

Mkishafunga na kufungua mara moja au mbili mna kitu cha kupeleka. Daftari zenu, zote mbili, pelekeni nakala kwa taasisi za utafiti wa uvuvi, KMFRI kwa Kenya na TAFIRI kwa Tanzania. Watafiti wana hamu ya namba za pande zote kwa tarehe moja, ni kitu adimu. Ombeni wawapimie na hali ya matumbawe, hasa baada ya miaka ya joto kali kama 1998, 2016 na 2024 ambapo yalipauka, ili msije mkalaumiana kwa mwamba uliokufa kwa joto.

Na wakija kwenu kuzungumzia lile eneo kubwa la hifadhi la pamoja, ulizeni maswali mapema. Je ni hifadhi ya kutoingia au ya kuvua kwa utaratibu? Watu wa Wasini na Mkwiro wanajua tofauti, Kisite kilomita za mraba 28 hakuvuliwi kabisa, Mpunguti kilomita 11 zinaruhusu uvuvi wa asili, na ziko jirani. Neno hifadhi likitajwa watu wanasikia kufukuzwa, na wana sababu. Lakini pia wanaweza kuona Vanga, Jimbo na Kiwegu, mikoko ya hekta 460 iko mikononi mwa wenyeji na hela ya kaboni inarudi kijijini. Kwahiyo ombeni kiti mezani mkiwa na ile karatasi yenu na daftari, muonyeshe mwamba upi unafungwa na nani anauchunga, iwe rahisi kwao kuandika kilichopo kuliko kuchora kipya juu yake.

Siku ya kufungua

Wanawake wa mguu waingie kwanza, wazamiaji wangoje nusu saa. Mizani iwe ufukweni, kila pweza apite hapo kabla ya kwenda kwa tajiri, katibu aandike, na picha ya ukurasa wa daftari iende kwenye grupu mchana huo huo pande zote, nzuri au mbaya. Wazamiaji watajaribu kumaliza mwamba siku moja, wekeni kikomo cha siku mbili tatu za bamvua hilo kisha mwamba urudi kwenye utaratibu wa kawaida.

Alafu kabla watu hawajatawanyika na pesa zao, tarehe ya kufunga tena itajwe pale pale, kwa simu na mwenyekiti wa ng'ambo sauti ikiwa juu watu wasikie, na iandikwe kwenye ukurasa unaofuata wa daftari zote mbili. Mkiiacha mpaka kikao kijacho, kaskazi itakuwa imeshaingia na kila mtu yuko baharini.